Chumvi ya Maharage ya Kesho

Ansila mwanangu,

Sikuulizi hali, maana nakusikia. Uko nyuma ya ukuta huu, kwenye chumba cha bibi yako, na shangazi yako Bernadeta amekufungia humo tangu adhuhuri anakufunda. Mimi niko jikoni na karatasi gotini. Nje baba yako na wenzake wamelizunguka dumu la pombe ya ulanzi, na kwa jinsi wanavyoimba naona halitafika jioni.

Kwetu mama hamfundi binti yake. Nimeusogelea mlango mara moja tu, nikasingizia naleta maji, shangazi yako akanifukuza. "We wifi, toka hapa! Ulishamzaa, inatosha. Sasa tuachie." Wanawake wakacheka na mimi nikacheka. Kisha nikarudi hapa kwenye moshi, nikaanza kuandika.

Sasa hivi amefika kwenye habari za siku za mwezi. Namsikia vizuri, kwa sababu shangazi yako hajui kunong'ona. "Ukiwa kwenye siku zako, chumvi usiiguse! Mwite mtoto atie, au bibi. Mume akila chumvi ya mkono wako siku hizo, kifua kitamwoza, atakohoa mpaka kaburini. Umesikia, mwali?" Na wewe unaitikia, "Ndiyo, shangazi." Sauti yako imetulia kabisa. Mimi ndiye niliyekuzoesha kuitikia hivyo, na leo naona aibu.

Kesho unaolewa, Ansila, na kuna jambo la mwili wako ambalo unalijua nusu. Nusu unayoijua ni kwamba umefika miaka ishirini na miwili na hujawahi kuona siku zako hata mara moja. Nusu nyingine nilielezwa mimi, na nimekaa nayo. Nataka uisome kabla hujapanda gari la Ambilikile pale Nyololo, kwa sababu ukishafika kwa mumeo Mbeya utakuwa mikononi mwa mama yake, na huko mimi sitakuwepo.

Unaikumbuka ile ngoma yako. Ulikuwa umemaliza kidato cha nne, una miaka kumi na tisa, wenzako wote walishachezwa, wengine walishakuwa na watoto wawili. Shangazi yako alikuwa akija hapa kila Jumapili baada ya misa, anakutazama kuanzia juu mpaka chini, halafu ananiuliza, "Vipi, bado tu?" Siku moja nilichoka. Nikamwambia kwamba ulishavunja ungo, huko huko bweni, na masista wakanyamaza nalo. Alipiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika. Jumamosi yake ukakalishwa kwenye mkeka, ukafunikwa kitenge, unga ukamwagwa, wakacheza. Katikati ya ngoma ulifunua upenyo kidogo ukanitazama. Mimi nikaendelea kupiga makofi. Mpaka leo hatujawahi kulitaja jambo hilo kwa mdomo, wewe wala mimi.

Baada ya hapo nilianza ile michezo ya chumvi. Mwezi ukiandama nakwambia mbele za watu, "Leo chumvi atatia bibi yako." Unaweka mwiko chini kwa adabu, unatoka nje. Zamani, tulipokuwa kule mlimani kila mtu na boma lake, pengine nisingehangaika hivyo. Lakini tangu tuhamishiwe huku kijijini, nyumba zimepangwa mstari mmoja, jirani anajua mpaka ulichokula jana. Niliogopa macho. Nilijidanganya kwamba nakukinga. Kumbe nilikuwa nakufundisha kuishi mafichoni ndani ya nyumba ya mama yako mwenyewe.

Uelewe nilikuwa naogopa nini. Nilikuwa na mdogo wangu, mama yako mdogo Desderia. Umesikia jina hilo kwenye sala za marehemu, ukauliza, ukaambiwa alikufa kwa homa. Si kweli. Kama alikufa, hatujui alikufa kwa nini wala wapi.

Desderia alikuwa mrefu kuliko sisi wote, na ngozi yake ilikuwa nyororo mpaka nikawa namwonea wivu. Tukioga mtoni baada ya kupalilia, sisi wanawake wazima, mimi nilikuwa na nywele za kwapa kama watu wengine, yeye hana hata moja. Nilimtania kwamba Mungu alimsahau kwenye mgao. Alicheka, lakini alijifunika haraka. Siku zake hazikuja, na mama yetu aliona vema kumwoza mapema kabla watu hawajaanza kuuliza. Aliolewa Kilolo na mwanaume mpole, mwenye baiskeli.

Na alimpenda, hilo ulishike. Nilikwenda kuwasalimu. Jioni kengele ya baiskeli ililia huko kwenye migomba, nikamwona mdogo wangu anapeleka mkono kichwani kutengeneza nywele, uso umemchangamka wote, na mwenyewe hajui kama anafanya hivyo. Hakuna aliyemfundisha. Mimi nilikuwa naamini kwamba hamu ya mwanamke kwa mwanaume inatoka kwenye damu ile ya mwezi, kwamba asiyeipata ni mtu mkavu asiye na haja na mtu. Pale nilimwona Desderia mzima kabisa, ana haja, ana aibu, ana furaha, kama nilivyokuwa mimi kwa baba yako.

Mama mkwe wake ndiye aliyegundua, na aligundua kwa chumvi. Sisi nyumbani tulimfundisha mwiko kama kila msichana, lakini yeye hakuwa na siku za kuushika, basi akawa anatia chumvi kila siku, na mtoto mwenyewe haji. Yule mama alikaa kimya anatazama chungu. Halafu mumewe akaanza kukohoa. Kilikuwa kifua kikuu tu, kama kilichowaua wengine wengi pale, lakini nani angewaambia? Mama mkwe akasimama uwanjani akapaza sauti, "Huyu anamlisha mwanangu chumvi mwaka mzima! Hana siku huyu! Mwanamke gani hana siku?"

Wakaitwa wazee wa kike kumchunguza. Walimwingiza ndani kwa nguvu. Na mimi niliitwa, kama dada, nishuhudie. Waliniuliza swali moja: je, huyu aliwahi kuona siku zake kwenu? Ningeweza kusema ndiyo. Neno dogo tu. Nilitazama chini nikasema sijawahi kuona. Wakatoka nje wakatangaza kwamba yule si mwanamke, wala si mwanaume, ni kitu kilichotumwa. Mumewe alikuwa amelala ndani anatapika damu, hakuweza hata kuinuka kumtetea. Alifariki siku chache baadaye, na hapo wakawa na ushahidi wao.

Desderia alitembea kwa miguu mpaka kwangu. Mimi nilikuwa na mimba yako. Nilimpa uji kwenye bakuli la peke yake, Ansila, bakuli ambalo baadaye nililivunja, kwa kuwa niliogopa kwamba kilichompata kitaniingia tumboni. Alikunywa akiwa amesimama. Akaniuliza, "Dada, kwani mimi ni nini?" Nikamjibu, "Sijui. Nenda kabla shemeji yako hajarudi." Akaenda. Wengine walisema walimwona anateremka kuelekea Usangu, kwa wale wafugaji waliohamia kutoka kaskazini. Wengine walisema alifika mto Ruaha na hakuvuka. Kila mwaka mvua zikianza namsikia akiniuliza lile swali.

Halafu ukazaliwa wewe, binti mzuri, na kila mtu akashangilia. Ulipokuwa unaanza kukimbia, ukavimba kwenye kinena. Lile kovu lako ambalo nimekuwa nikikwambia ni la ngiri, ni la ngiri kweli, lakini si hilo tu. Nilikubeba mpaka hospitali ya misheni. Daktari mmoja Mzungu, kijana bado, alikupasua, kisha akaniita pembeni. Akaniambia ndani ya ule uvimbe amekuta tezi ambayo kwa watoto wa kiume hushuka na kuwa korodani, na nyingine iko upande wa pili. Aliirudisha ndani, akakushona. Akaniuliza, "Kuna mwingine kwenu aliye hivi? Kwa upande wa mama? Jambo hili hupita kwa mama." Nikamwambia hakuna. Hiyo ikawa mara ya pili kumkana mdogo wangu.

Na ile siku nilipokupeleka tena, baada ya ngoma yako, ukapimwa halafu ukaambiwa usubiri kwenye benchi, yule daktari alikuwa ni yule yule. Nywele zilishakuwa nyeupe, Kiswahili kimemnyookea. Alitaka uingie usikie mwenyewe. Nikamwambia nitakueleza mimi, ni mwanangu. Aliniamini, na mimi nimekaa na neno hilo mpaka leo jioni, bibi harusi ukiwa umeshapakwa mafuta.

Nitaliandika kama alivyonieleza. Alisema kila mtoto tumboni, miezi ile ya mwanzo kabisa, haonekani ni wa kike au wa kiume, wote wako sawa. Baadaye kwa wanaume zile tezi hutoa kitu kwenye damu, kama agizo, kuuambia mwili ujijenge kiume. Kwako tezi zilikuwepo na agizo lilitoka. Lakini mwili wako, tangu utosini mpaka unyayoni, uliumbwa bila uwezo wa kulisikia. Mwili usiposikia agizo hilo hushika njia ya mwanamke. Ndiyo maana una matiti, una sauti hiyo, una ngozi ya Desderia. Mji wa mimba haukujengwa, kwa hiyo damu ya mwezi haina mahali pa kutoka. Haitakuja, mwanangu, na mtoto wa tumboni mwako hatakuja. Njia ya mwanamke unayo, alisema, ila ni fupi kidogo kuliko ya wengine, na wewe na mume mwenye subira na heshima mnaweza kuishi vizuri kama mke na mume wowote. Alisema pia kwamba zile tezi zikikaa ndani miaka mingi zinaweza kuharibika na kuleta uvimbe mbaya, kwa hiyo lazima utazamwe na daktari, usiache. Hili peke yake lilitosha kunifungua mdomo, na halikunifungua.

Nilimuuliza, "Kwa hiyo nimezaa mwanaume?" Aliweka kalamu chini. "Mama, binti yako anajiona ni nani?"

"Msichana. Tangu alipoanza kusema."

"Na akimpenda mtu, anampenda kama nani?"

"Kama msichana."

"Basi usinitume nimtafutie jina lingine," akasema. "Hayo nayo yanaota ndani ya mtu. Hukumfundisha wewe, na huwezi kumfundisha mengine."

Nilitoka pale nikakuta umelala kwenye benchi, kichwa kimeegemea ukuta. Nilikuamsha nikakununulia maandazi. Uliniuliza, "Amesemaje?" Nikakwambia amesema una damu kidogo, ule mchicha. Ukala mchicha mwezi mzima, maskini.

Sasa kuna Ambilikile. Nampenda kijana yule, nakwambia ukweli, ingawa hajui kunywa ulanzi kama mwanaume wa Iringa na mafuta ya karakana ya reli hayamtoki kwenye kucha. Alipokuja siku ya posa alikutafuta kwa macho chumba kizima kabla hajanisalimia mimi. Na wewe mkono ulikwenda kichwani, ukatengeneza nywele. Niliuona mkono ule nikalazimika kutoka nje.

Lakini nilimtazama zaidi mama yake. Mwanamke mkakamavu, mchangamfu, ana mtoto huyo mmoja tu wa kiume. Alikushika kiuno mbele za watu akacheka. "Ndaga fijo, dada," akanishukuru kwa lugha ya kwao. "Kiuno hiki kitanijazia nyumba. Mwaka hauishi huu." Wote wakacheka. Kisha akaomba aingie jikoni aone unavyopika. Wengine waliona ni mapenzi. Mimi nilimwona anavyotazama chungu. Sijui kama kwao wana mwiko wa chumvi kama wetu, lakini mama mkwe hakosi pa kuchungulia.

Usiku ule walipolala kwetu nilimsikia Ambilikile akikohoa. Alikohoa mpaka alfajiri. Asubuhi nikamuuliza, akacheka, "Vumbi tu la karakana, mama. Si kitu." Nilimtazama mama yake. Yeye hakucheka. Alikuwa anakutazama wewe unavyokoroga uji.

Tangu asubuhi ile sijalala vizuri. Nimeona yatakavyokuja, moja baada ya jingine, kwa mpangilio ule ule. Mwaka utapita, mtoto hakuna. Kikohozi kitaendelea. Kisha mtu atasimama uwanjani. Nitaitwa tena, safari hii kama mama, na kuulizwa swali lile lile. Mbeya ni mjini, wana umeme na hospitali kubwa, unaweza kuniambia mambo hayo ni ya zamani. Shangazi yako ana redio na baiskeli, na sikiliza anachokufundisha humo ndani sasa hivi.

Kwa hiyo sina nasaha za kukupa za kukunja mashuka wala kuamkia wakwe. Nina jambo moja nililolijua kwa gharama ya mdogo wangu. Kilichommaliza Desderia si mwili wake. Mwili wake ulikuwa mzima, ulifanya kazi, ulipenda. Kilichommaliza ni kwamba mama mkwe wake alikuwa wa kwanza kujua, na yeye mwenyewe akawa wa mwisho, na mumewe hakuwa amejua kitu cha kumwezesha kusema, "Niacheni mke wangu, mimi najua." Sisi tuliomjua tulinyamaza, na alipouliza hatukuwa na neno la kumpa. Mimi sitaki uulize swali lile kwenye mlango wa mtu. Jibu nimekuandikia hapa juu, na kama limeandikwa vibaya, daktari bado yupo, nitakupeleka.

Kama utamwambia Ambilikile au hutamwambia, siwezi kuamua. Ukimwambia, anaweza kugeuza gari pale pale Nyololo mbele ya watu wote, na ng'ombe wa mahari warudi kwao, na baba yako asinisemeshe. Baba yako hajui. Au anajua kwa namna wanaume wanavyojua, kwa kutouliza. Anaweza pia asigeuze. Sijui ana moyo gani yule kijana, wewe ndiye unayeujua. Usipomwambia, utaishi kwa kuhesabu mwezi na kuweka mwiko chini, kila mwezi, mbele ya mwanamke anayetazama chungu. Na yeye akiendelea kukohoa, sitaki hata kumaliza sentensi hii.

Hutakuwa na nafasi ya kunijibu kwa maneno. Mpaka jua la kesho litoke utakuwa na wanawake kila upande, na sisi wawili hatujazoea kusema. Lakini kuna desturi moja ambayo shangazi yako hataiacha. Bibi harusi ndiye anayewapikia wasindikizaji maharage ya mwisho, kwa mkono wake, kwenye chungu cha mama yake. Utayapika hapa nilipokaa. Kopo la chumvi nimeliweka kulia kwa mafiga.

Ukitia chumvi, nitajua umechagua kumwambia. Nitatembea na wewe mpaka Nyololo, na kabla hujakanyaga ngazi ya gari nitamwita Ambilikile pembeni, tutasimama sisi watatu, na wewe utasema. Ukishindwa, nitasema mimi. Akiondoka, utarudi na mimi nyumbani mchana kweupe, kwa njia ya katikati ya kijiji, na atakayeuliza nitamjibu kwa sauti ya shangazi yako.

Usipotia, nitajua umechagua kujificha, kama nilivyokuzoesha. Sitakulaumu. Nitatia chumvi mwenyewe mtu asijue, nitakubusu, utakwenda. Na siku watakayoniita kuniuliza, nitasema ndiyo, niliona, kila mwezi niliona. Nitaapa hata kwa msalaba.

Shangazi yako amenyamaza, nadhani anakunywa maji. Sasa hivi naingia humo ndani. Atapiga kelele, acha apige. Karatasi hii nitaiweka kwenye kiganja chako na kukufumba vidole, usome kwenye mwanga wa dirisha kabla giza halijaingia.

Alfajiri nitakuwa wa kwanza jikoni. Usimpe mtu mwingine yeyote kijiko. Maharage hayo nitayaonja mimi.

Mama yako